Redio ya Marekani ilisalitiwa na wenyewe

Mhariri,

Wanaosimulia historia ya utangazaji hupenda kusema kuwa televisheni iliiua redio. Kwa Marekani, mimi nawalaumu wenye redio wenyewe. Mitandao ya redio ya NBC, iliyoanza mwaka 1926, na CBS iliyofuata 1927, ilichukua faida ya redio kujengea televisheni. Zuio la leseni mpya za vituo vya televisheni lilipoondolewa mwaka 1952, wadhamini walizidi kuhama, na fedha za michezo ya kuigiza zikaondoka nao.

Linaloniuma zaidi ni la waigizaji. William Conrad alimwigiza Matt Dillon, mlinzi wa sheria, redioni katika Gunsmoke, mchezo wa kuigiza wa Magharibi ya kale ya Marekani, tangu 1952. Mchezo ulipoingia kwenye televisheni mwaka 1955, nafasi hiyo akapewa James Arness. Sauti ile nzito, iliyomfanya msikilizaji auone mji mzima bila picha, haikutosha tena! Tarehe 30 Septemba 1962 CBS ikarusha michezo miwili ya kuigiza ya redio, ya mwisho ya enzi hiyo. Vituo vya mijini vikabaki na santuri.

Naomba makala zenu zijazo ziwataje wakuu wa mitandao hiyo ya redio, maana uamuzi ulikuwa wao.

Msomaji wenu,
Morogoro