Milo ya wahusika huko Disney: jibu kwa Mama Salim

Mpendwa Mama Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Salim. Bibi naye akifika kutoka Mombasa, mfikishie shikamoo yangu kabla hajavua viatu.

Umeuliza mbuki milo mingapi ya wahusika, yaani ile ambayo Mickey na wenzake wa katuni huja mezani kwenu, katika siku zenu sita za Walt Disney World huko Florida. Jibu langu ni miwili. Orodha uliyonitumia ina minne, na najua umeipanga kwa mapenzi, kwa hiyo nitakueleza kwa nini naikata nusu.

Mlo wa wahusika, ukiuondolea mapambo, ni njia ya kulipa ili kukwepa foleni. Katika bustani za burudani za Disney kila mhusika ana mahali pake pa kupiga picha na foleni yake, na mara nyingi mtasimama nusu saa, hata saa nzima, kumwona mmoja. Mezani mambo ni kinyume: nyinyi mmekaa mnakula, wao ndio wanaopita meza kwa meza. Katika saa moja hadi saa moja na nusu watoto watakuwa wamewaona wanne au watano, wamekumbatiwa, wametiliwa sahihi na picha zimepigwa. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini huipati mara mbili kwa sura ileile. Binti yenu Naima akishamkumbatia Mickey Jumatatu, Mickey wa Jumatano hamwokolei foleni yoyote, ila bili mtalipa tena nzima. Basi usihesabu siku za safari, hesabu sura ambazo watoto wanazitaka.

Sasa itazame orodha yako. Umeandika migahawa minne: Chef Mickey's, Topolino's Terrace, Tusker House na Cinderella's Royal Table. Mitatu ya mwanzo ina kundi lilelile: Mickey na Donald wapo kote, na Minnie, Goofy, Daisy au Pluto hubadilishana. Kinachotofautiana ni mavazi. Chef Mickey's wamevaa kipishi, Topolino's wamevaa kama wasanii, Tusker House wamevaa nguo za safari. Chagua mmoja, mingine uifute.

Mimi ningechagua Tusker House, na sababu ya kwanza ni Bibi. Mgahawa huo uko ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998, katika mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Waliojenga Harambe walichukua sura ya Lamu: kuta za chokaa zilizochakaa, milango ya mbao, mabango ya Kiswahili ukutani. Bibi ataweza kuwasomea wajukuu maandishi ambayo wageni wengi wanayapita tu. Sababu ya pili ni ratiba. Lango la Kilimanjaro Safaris, safari ya gari ya kutazama wanyama, liko hapohapo Harambe, na wanyama huonekana vizuri zaidi asubuhi kabla jua la Florida halijawa kali. Ingieni bustani ikifunguliwa, pandeni gari la safari kwanza, kisha mtembee hatua chache hadi mezani. Tafuta nafasi ya mwisho mwisho ya chai ya asubuhi, karibu saa nne na nusu. Saa hiyo mtakuwa na njaa, mtakula bufee kwa nafasi, na chakula cha mchana hamtakihitaji. Huo ni mlo mmoja uliofanya kazi ya miwili, na kwa bei ya asubuhi.

Mlo wa pili uwe wa mabinti wa kifalme, maana Naima ana miaka saba na hao ndio anaowataja kila siku. Cinderella's Royal Table uko ndani ya kasri lenyewe, katika bustani ya Magic Kingdom, na watoto hulipenda jengo hilo. Lakini ndio ghali kuliko mingine, chakula cha jioni kinapita dola 80 kwa mtu mzima, na hulipiwa chote siku ya kubuki. Kama kasri ndilo jambo ambalo Naima atalia akilikosa, lipeni bila majuto. Kama anachotaka ni kuwaona mabinti wenyewe, nendeni Akershus, mgahawa ulio katika banda la Norway ndani ya bustani ya EPCOT. Utakutana na kina Belle, Ariel na Snow White (orodha hubadilika siku hadi siku), na meza hupatikana kwa urahisi zaidi. Ningeiweka mchana, saa nane hivi. Juni Florida ina joto la kuchosha, na alasiri mvua ya radi huja karibu kila siku. Saa hiyo kukaa ndani penye kiyoyozi kunawasaidia wote, Bibi kuliko wengine.

Pesa. Hapa pana mitego mitatu, na yote inawahusu nyinyi moja kwa moja. Bei ya mtoto ni ya miaka mitatu hadi tisa tu. Salim ana kumi na moja, kwa hiyo ni mtu mzima mbele ya mgahawa, hata akila pankeki mbili. Mdogo wenu hali kwa malipo, bado hajafika mitatu, lakini lazima ahesabiwe wakati wa kubuki. Ukimwacha nje ya hesabu mtapewa meza ya watano na kiti chake cha juu kitakosa mahali. Na mkishafika watu sita, bakshishi ya asilimia 18 huongezwa yenyewe kwenye bili. Soma risiti kabla ya kuandika nyingine juu yake. Wengi huilipa mara mbili bila kujua.

Tupige hesabu kwa makadirio, maana bei hupandishwa mara kwa mara. Chukua chai ya asubuhi kwa dola 50 mtu mzima na 32 mtoto. Watu wazima wanne (Salim akiwamo) ni 200, Naima 32, jumla 232. Kodi ya mauzo ya Orange County ni asilimia 6.5, yaani dola 15. Bakshishi 42. Mnatoka hapo mkiwa mmeacha dola 289. Chakula cha mchana au jioni, kwa 65 na 42, kwa njia hiyohiyo kinafika 376. Miwili niliyokupa ni dola 665. Orodha yako ya minne ingepita 1,300, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni Mickey yuleyule.

Kuna jambo lingine la hesabu ambalo familia zetu hulisahau: pale mnalipa kwa kichwa, si kwa sahani. Bufee ya asubuhi ina bekoni na soseji za nguruwe, na vijiko vya kupakulia huhama kutoka trei hadi trei. Msidhani pia kwamba kuku na nyama ya ng'ombe ni halali kwa sababu tu si nguruwe. Andika mahitaji yenu kwenye sehemu ya chakula maalumu unapobuki, kisha mkifika mwambie mhudumu amwite mpishi. Mpishi hutoka, hupita nanyi mbele ya bufee, anakuonyesha kipi kina nini, na mara nyingi anaweza kuwapikia kitu pembeni. Lakini kama Baba Salim na Bibi wataishia kula mayai, matunda, mkate na samaki, hiyo ni sababu nyingine ya kutoongeza mlo wa tatu. Dola 65 kwa sahani ya matunda inauma.

Kubuki kwenyewe. Meza hufunguliwa siku 60 kabla, saa 12 asubuhi kwa saa za Florida, ambazo huko kwenu Columbus ni zilezile. Mtu asiyelala hoteli ya Disney hubuki siku moja moja. Nyinyi mnalala hoteli yao, kwa hiyo siku 60 kabla ya kufika mnafunguliwa safari nzima kwa mpigo, hadi siku kumi. Mkifika tarehe 12 Juni, siku yenu ni tarehe 13 Aprili. Kadi ya benki iwe tayari ndani ya akaunti yenu ya Disney kabla ya siku hiyo, na watu wote sita wawe wameandikwa, maana anayeanza kujaza majina saa 12 kamili anakuta meza zimekwenda.

Weka mlo mgumu kupatikana mwishoni mwa safari, si mwanzoni. Siku ya tano yenu, kwa mfano, kwa asiyelala hoteli bado haijafunguka. Mnashindana na wachache. Siku ya kwanza yenu imeshafunguliwa kwa kila mtu. Kwa hiyo mabinti wa kifalme wawekwe siku ya tano, na hao ndio wa kutafuta kwanza, Tusker House baadaye. Ukikosa, usikate tamaa. Meza nyingi hurudi siku moja mbili kabla ya mlo, watu wanapobadili mipango na kukimbia faini. Faini ya kutotokea ni dola 10 kwa kila mtu, na muda wa mwisho wa kufuta umeandikwa kwenye uthibitisho wako. Usome, kwa sababu migahawa ya kulipia kabla ina masharti makali zaidi.

Migahawa iliyo ndani ya bustani haiingiliki bila tiketi ya bustani ya siku hiyo. Iliyo hotelini haihitaji tiketi. Hili ndilo linaloamua kama mlo wa tatu una maana kwenu. Siku mliyopanga kupumzika, bila bustani, asubuhi ya hotelini inaweza kuwa ndiyo burudani ya siku. Kama ukiwa na hamu hiyo, chagua sura mpya: mgahawa wa 'Ohana, katika hoteli ya Polynesian, asubuhi kuna Lilo na Stitch, na Salim katika umri wake atamfurahia Stitch kuliko binti mfalme yeyote. Mickey yupo pia, lakini hamkumlipia yeye. Ila angalia usafiri. Mabasi ya Disney hutoka hotelini kwenda bustanini, hayatoki hoteli moja kwenda nyingine. Kutoka hoteli yenu mtapanda basi hadi bustani fulani, mshuke, mpande usafiri mwingine. Tenga saa moja na nusu, au mwite teksi. Familia nyingi hukosa meza za saa mbili asubuhi kwa sababu hiyo. Ukichelewa zaidi ya robo saa meza inaweza kupewa wengine.

Kosa ambalo ningekusihi mlikwepe kabisa ni mlo wa saa tatu asubuhi ndani ya Magic Kingdom. Saa mbili za mwanzo baada ya lango kufunguliwa ndizo zenye foleni fupi kuliko zote za mchana, na wanaolala hoteli za Disney huingia nusu saa mapema. Ukizitumia saa hizo kula, utazilipa kwa foleni ndefu hadi jioni.

Mezani sasa. Mkikaa, muulize mhudumu wahusika wangapi wapo na ni kina nani, kisha Naima ahesabu. Wakipita wote isipokuwa mmoja, mwambieni mhudumu kabla ya bili, atamleta. Msiende bufee wote kwa pamoja. Mmoja abaki, maana mhusika akikuta meza tupu anaendelea na inayofuata. Kalamu ya sahihi iwe nene, kwa kuwa Goofy na Mickey wana vidole vya glavu na biki nyembamba haikamatiki. Waliovaa vichwa vya katuni hawasemi, wanatumia mikono. Mabinti wa kifalme wanazungumza, na Naima aandae swali moja la kuwauliza, la sivyo ataganda.

Mdogo wenu ndiye wa kumfikiria zaidi. Mtoto wa miaka miwili humpenda Mickey kwenye simu, lakini Mickey mkubwa anayemjia mezani ni jambo jingine. Mkalishe upande wa ukuta, mbali na njia ya kupita. Wacha mhusika aanze na ndugu zake, yeye aone kaka amekumbatiwa na hakuna baya. Akijificha, mpungie mhusika mkono tu; wamefundishwa kurudi nyuma, na huenda kwenye mzunguko wa pili mtoto akanyoosha kidole mwenyewe. Usimsukume kwa ajili ya picha. Hapa pia ndipo uzuri wa kuanza na Tusker House mapema katika safari: mtajua anavyowapokea kabla hamjatumia dola 376 siku ya tano.

Ukishaamua kati ya Akershus na kasri, niandikie siku mlizopanga bustani gani. Nitakupangia saa za kila mlo kabla ya tarehe 13 Aprili.

Wasalamu,
Rafiki yako