Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uchapaji kwa Oda

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka. Masuala ya ada na ukaguzi wa hesabu yamo katika kabrasha mlizogawiwa, kwa hiyo nitajikita katika uchapaji kwa oda, yaani kuchapa nakala pale tu inapoagizwa, ambao ndio uliotawala vikao vyetu.

Wengi wetu huchapisha vitabu ambavyo wasomaji wake ni wachache na wametawanyika: kamusi za lahaja, tenzi zenye ufafanuzi, historia za miji ya mwambao. Katika ofseti, yaani uchapaji wa kawaida wa nakala nyingi kwa mkupuo, gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye pleti (bamba za kuchapia) na matayarisho ya mashine, ndiyo maana mpiga chapa humshauri mteja achape nakala 1,000 ili bei ya kila moja ishuke. Ushauri huo unafaa kwa kitabu cha kiada. Kwa kamusi ya Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, maana yake ni maboksi kulala stoo yakisubiri mchwa. Katika uchapaji kwa oda, faili hukaa tayari na nakala huchapwa mnunuzi anapolipa, hata ikiwa ni moja tu.

Njia hii si ngeni kwa wachapishaji wa Afrika. African Books Collective ya Oxford, iliyoanzishwa na wachapishaji wa bara hili mwaka 1985, huitumia kuuza vitabu vyao ng'ambo, vikiwemo vya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Hata hivyo, Kamati haikubaliani na wanaodai kwamba ofseti imekwisha. Msomaji wa Tanga akiagiza nakala moja kutoka mtambo ulioko Ulaya, gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Tunapendekeza uchapaji kwa oda utumike kwa wasomaji wa nje, nakala chache zichapwe kidijitali (bila pleti) hapa nchini kwa ajili ya wa ndani, na ofseti ibaki kwa vitabu vyenye soko la uhakika.

Matatizo mengi tuliyoletewa yalihusu faili. Mwanachama mmoja aliongeza dibaji baada ya jalada kukamilika. Kurasa zikazidi, mgongo wa kitabu ukanenepa, na jalada likakataliwa kwa kuwa maandishi ya mgongoni hayakukaa mahali pake. Jalada na lisanifiwe mwisho, idadi ya kurasa na aina ya karatasi zikishajulikana. Vilevile, chukueni ISBN zenu, yaani namba za utambulisho wa vitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwani namba ya bure inayotolewa na baadhi ya majukwaa ya uchapishaji mtandaoni haitumiki kwingine.

Linalonisumbua zaidi ni uhariri. Mtambo huchapa chochote unachopewa, na urahisi huo umewafanya baadhi yetu kuruka hatua ya mhariri, jambo linaloonekana wazi katika vitabu vilivyoletwa ofisini. Kamati inaomba idhini ya kutenga sehemu ya ada kwa ajili ya kuwalipa wahariri wa miswada ya wanachama, na hoja hiyo naiweka mbele yenu ijadiliwe.