Tripu za jangwani, maji kwanza jamani

Mhariri, naomba nafasi niseme hili. Siku hizi hapa Arusha vijana tunachangishana tunakodi Kosta tunaenda kupiga kambi Ziwa Natron na kupanda mlima Ol Doinyo Lengai, kitu kizuri sana na mimi nakiunga mkono kabisa, ila mwezi uliopita kundi letu la watu 14 lilibeba katoni mbili tu za maji alafu spika kubwa la muziki! Tukaanza kupanda saa tatu asubuhi badala ya usiku kama wenyeji wanavyofanya, dada mmoja midomo ikampasuka akawa anatetemeka juani, ikabidi tulowanishe kofia yake kwa maji ya mwisho tukamshusha taratibu. Wenzetu wa Grand Canyon, lile korongo kubwa kule Arizona, Marekani, wahifadhi wanawaambia watu kiangazi wasitembee kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na wanaopiga kasia mto Colorado unaopita humo wanarudi na taka zao zote, hadi kinyesi. Sisi hata chupa tunaziacha pale chini ya mlima, inauma. Viongozi wa makundi, kabla hamjapokea michango hesabuni lita za kila mtu, na mwambieni ukweli njia ikoje.

Msomaji wako, Sakina, Arusha