Msilaumu maiki kabla ya kutazama bafa

Mhariri,

Makala zinazowaelekeza watu kurekodi muziki nyumbani huishia dukani: nunua kompyuta ya aina hii, maiki ile, na kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) yenye matundu mawili. Anayeufuata ushauri huo anachomeka nyaya zake, anaimba, na sauti inamrudia masikioni imechelewa kama anayeitikiwa na kisima. Basi anaamua ameuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichokosewa ni mipangilio, na kuirekebisha hakugharimu kitu.

Kwenye Windows tatizo huanzia kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Kadi ikichomekwa, mfumo huitambua na muziki husikika vizuri tu, hivyo mtu hudhani kazi imekwisha. Lakini sauti kwa njia hiyo ya kawaida hupitia miksa ya ndani ya Windows, na muda hupotelea humo. Pakua draiva ya ASIO, aina inayoikwepa miksa hiyo, kutoka tovuti ya aliyetengeneza kadi, isakinishe, kisha fungua mipangilio ya programu ya kurekodi na uichague kwa jina lake. ASIO4ALL, ambayo watu hupeana kama dawa ya kila ugonjwa, hukaa juu ya draiva ya Windows iliyopo. Inamfaa mwenye kadi isiyo na ASIO yake. Mwenye nayo hana haja ya kuzunguka huko. Watumiaji wa Mac wamepunguziwa hangaiko hili, maana Core Audio, inayofanya kazi hiyo, imo ndani ya mfumo wenyewe.

Sasa bafa. Hii ni idadi ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia kwa mkupuo. Fikiria mtu anayechota maji. Akitumia kikombe, maji hufika upesi lakini yeye hapumziki. Akizidiwa, sauti hukatika na kutoa mikwaruzo. Akitumia ndoo anapata kupumua, ila mwenye kiu anangoja. Kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, na ya 1,024 ni zaidi ya 21. Hiyo ni safari ya upande mmoja tu. Kwenda na kurudi huzidi mara mbili, kwa sababu kadi nayo ina muda wake wa kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Kwa hiyo unaporekodi weka 64 au 128, na mikwaruzo ikitokea panda hadi 256. Unapomiksi, ambapo hakuna anayeimba, weka 512 au 1,024 ili plagini, programu ndogo za kupamba sauti, zipate nafasi. Kosa la wengi ni kuiacha namba moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kompyuta ikiwa dhaifu, tumia kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kilicho kwenye kadi. Hupeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta. Ila ukikiwasha, zima usikilizaji wa treki unayorekodi ndani ya programu, la sivyo utasikia sauti mbili, ya pili ikiifukuza ya kwanza.

Mikwaruzo isiyokoma hata bafa ikiwa kubwa haitoki kwenye bafa. Chomeka kadi kwenye mlango wa USB wa kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyaji. Ondoa hali ya kuokoa umeme, kisha zima Wi-Fi ujaribu tena. Draiva ya Wi-Fi huweza kuishika kompyuta kwa muda mfupi unaotosha kukata sauti. Wala usikimbilie kudhani USB 2.0 ni nyembamba: njia moja ya sauti ya biti 24 (si biti ya prodyuza, bali tarakimu zinazoandika kila sampuli) kwenye kilohezi 48 hutumia megabiti 1.15 hivi kwa sekunde, na mlango huo umeundwa kwa megabiti 480.

Kilohezi za kadi na za programu zifanane. Kilichorekodiwa kwa 44.1 kikichezwa kama 48 huenda mbio na kupanda karibu nusutoni moja na nusu.

Kwenye geini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maiki inapoingia, kuna mazoea ya zamani yanayoharibu kazi. Enzi za biti 16 watu walisukuma sauti hadi karibu na sifuri, kikomo cha juu cha kipimo, ili kuukimbia mvumo. Biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kwa nadharia, dhidi ya 96 za biti 16, hivyo vilele vikifika desibeli 12 chini ya sifuri vinatosha kabisa. Mwimbe sehemu yenye kelele kuliko zote ndipo mpange geini, kwa kuwa mwimbaji hujaribu kwa upole na kurekodi kwa nguvu. Taa nyekundu ikiwaka, kilele cha wimbi kimeshakatwa. Kushusha sauti ndani ya programu hakukirudishi.

Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Chomeka waya kwanza, shusha sauti, ndipo uwashe. Maiki ya dainamiki haihitaji umeme huo, na maiki za riboni za zamani unaweza kuziunguza. Gita la umeme liende kwenye tundu lenye alama ya ala, kwa sababu tundu la laini huilemea pikapu yake (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) na kula sauti za juu. Gita linasikika kama limefunikwa blanketi.

Laptopu ikivuma, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, chanzo ni mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi za vifaa vilivyounganishwa. Rekodi kwa betri, na asikudanganye mtu uvunje pini ya ardhi kwenye plagi.

Ombi langu kwa wanaoandika makala hizo: mnapopendekeza kadi, hasa za mtumba, andikeni pia kama mtengenezaji bado anatoa draiva kwa mifumo ya sasa. Kadi nzuri iliyokosa draiva hubaki pambo la mezani.

Ni mimi,
Fundi sauti, msomaji wenu