Tutolewe kijitabu cha HTTP cha mfukoni

Mhariri, mie najifunza kutengeneza tovuti hapa Mwanjelwa, bando lenyewe la kuungaunga, sasa nilipotaka kuielewa HTTP, yaani utaratibu wa kivinjari na seva (kompyuta inayotunza tovuti) kuongea, nikaambiwa kasome waraka wa zamani wa 1999, kurasa 176 za Kiingereza kigumu, si utasinzia tu! Jamaa yangu akanichorea kwenye karatasi moja ya daftari: GET kuomba, POST kutuma, halafu namba za majibu ya seva: 404 ulichoomba hakipo, 403 huruhusiwi, 500 seva yenyewe imechemka. Kakaratasi kamelowa na mvua za huku ila ndo kamenitoa, juzi fomu inagoma naona 405, yaani njia uliyotumia haikubaliwi hapo, kumbe natuma GET panapotakiwa POST. Wachapishaji mbona hamtutolei kijitabu cha namna hiyo, cha Kiswahili, cha kuingia mfukoni? Hata buku tano tutanunua.

Msomaji wenu, Mbeya