Minyoo sugu: tupime kinyesi kabla ya kulaumu dawa

Mhariri, nimesoma ripoti yenu ya mbuzi wanaokufa hata baada ya kunyweshwa dawa ya minyoo, na naona watu wanakimbilia kusema dawa ni feki. Inawezekana, ila mara nyingi minyoo yenyewe imeshakuwa sugu, na usugu huo tunauchochea wenyewe kwa kukadiria uzito kwa macho, tunatoa nusu dozi, halafu dawa ya albendazoli ile ile mwaka nenda mwaka rudi.

Kugundua mbona sio kazi. Chukua kinyesi cha mbuzi kama kumi, kitoke mkunduni sio cha kuokota chini, maabara wahesabu mayai ya minyoo, nywesha kwa uzito uliopimwa, kisha rudia kwa mbuzi wale wale baada ya siku 10 mpaka 14. Upungufu usipofika asilimia 95, shtuka. Wastani ukitoka mayai 800 kwa gramu ukabaki 200 hiyo ni asilimia 75 tu, badilisha kundi la dawa (kundi, yaani dawa inayoua minyoo kwa njia nyingine, sio jina la chupa!).

Naomba maafisa mifugo wapewe hadubini na vioo vya kuhesabia mayai, huduma hii ifike hadi kwa mfugaji mdogo.

Mfugaji wa mbuzi