"Equitable" si kugawa sawasawa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mkalimani mahakamani na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya Jumanne kuhusu fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parishi (parishi za utawala hapa Uganda, si za kanisa) imenishinda kunyamazia. Afisa mliyemnukuu alisema mgawo ni "equitable", mwandishi wenu akaandika "wa usawa", akaongeza ushahidi kwamba kila parishi inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Milioni 100 kila mahali, parishi iwe na watu wengi au wachache, hiyo ni "equal". "Equitable" ni neno jingine.

Maneno yote mawili yametoka tumbo moja, neno la Kilatini aequus, yaani kilicho tambarare, ila kila moja limeolewa kwake. "Equal" linahesabu mafungu yalingane, "equitable" linatazama hali ya anayepewa. Na msiseme Kiswahili hakina neno lake. Tunalo: insafu. Wazee wetu wa Bombo na Arua walilitumia kila siku, na asili yake ya Kiarabu ni ukoo mmoja na "nusu". Lakini hakuna mzee niliyemsikia akidhani insafu ni kukata kila kitu katikati.

Januari mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, kijijini kwetu tulibaki na bomba moja la kupampu. Kamati ya maji ikaamua kila nyumba ichote jerikeni mbili za lita 20 kwa siku. Jirani yangu ni mjane anayelea wajukuu wanane. Lita 40 kwa watu tisa hazifiki lita tano kwa mtu: apike, aoge, afue, anywe humohumo. Mbele yake kwenye foleni alikuwa kijana anayeishi peke yake, naye akachota jerikeni zake mbili, na jioni nikamwona kwa macho yangu akioshea pikipiki. Nilisimama kwenye mkutano nikasema hii si haki. Mwenyekiti akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole palipoandikwa: "Mzee wangu, tumegawa equitably, imeandikwa hapa." Watu wakanyamaza, kwa sababu neno lilikuwa la Kiingereza na lilikuwa kwenye daftari. Nikamwambia nimelitafsiri neno hilo mbele ya mahakimu kabla yeye hajazaliwa. Akasema tusonge ajenda inayofuata. Mjukuu mkubwa wa yule mama, msichana wa darasa la sita, akawa anaamka usiku kwenda mtoni na kukosa shule siku mbili tatu kila wiki hadi mvua iliponyesha. Neno moja lililowekwa pasipo pake lilimgharimu mtoto masomo, na ninyi mmelichapisha vilevile, kwa wino mzito, ukurasa wa kwanza!

Na Katiba yetu ya 1995 inalijua neno hili vizuri. Inataka maendeleo yawe ya uwiano na "equitable", na palepale inaagiza hatua za pekee kwa maeneo yaliyo nyuma zaidi. Za pekee, Mhariri. Wasichana walipoanza kuongezewa pointi 1.5 kuingia chuo kikuu mwaka 1990, watu walipiga kelele kwamba si usawa. Kweli haukuwa usawa. Ilikuwa insafu kwa mtoto aliyesoma huku akiteka maji.

Nikiwa hapohapo, niseme na hili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Lakini miaka yote niliyosimama kati ya hakimu na mshtakiwa sikukabidhiwa hata karatasi moja ya maneno ya sheria kwa Kiswahili. Kila mkalimani alijitafutia yake. Mwenzangu alisema "usawa", mimi nilisema "insafu", mwingine alisema "haki" tu akapita. Watu wamefungwa na wamenyang'anywa mashamba katikati ya maneno hayo.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni sahihisho, si kwenye kona ya matangazo ya vifo, bali palepale mlipokosea. Kila Ijumaa wekeni neno moja la sheria na maana yake kwa Kiswahili, mkianza na hili; mimi nitawaandikia matatu ya kwanza bila malipo. Na kamati za maji zibandike kibao kwenye bomba, jina la kila nyumba na idadi ya wanaokula humo, jerikeni zihesabiwe kwa vinywa. Kiangazi kinarudi Desemba. Kibao cha bomba letu nimeshakipaka rangi, kinasubiri mwenyekiti aruhusu kipigiliwe.

Mkalimani mstaafu,
Arua